Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Mbeya kuhusu sisi tunaolala juu ya maduka

Kwa Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Ndugu Mkurugenzi wa Jiji la Mbeya,

Salaam, na poleni na majukumu.

Ninawaandikia nikiwa mpangaji wa mwaka wa tisa katika jengo moja la ghorofa pale Uhindini. Kazi yangu ni uuguzi, na nilichagua kukaa katikati ya mji kwa sababu zamu ya usiku huisha asubuhi, na kutoka wodini mpaka kitandani kwangu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, bila kugombania daladala wala kumlipa mtu wa bajaji. Naupenda mtaa huu. Napenda kufungua dirisha nikauona Mlima Loleza umejifunika ukungu, huku chini mama wa maandazi ameshawasha jiko na vijana wa maduka wanafagia baraza wakisalimiana kwa Kisafwa, Kinyakyusa na Kiswahili kwa pamoja. Kelele za mji sizilalamikii, kwa kuwa anayehamia mjini huwa anazijua. Ninaloliandika ni jambo jingine: sisi tunaolala juu ya maduka hatumo kwenye karatasi yoyote, si ya mwenye nyumba, si ya mtaa, si ya Jiji, na kwa kuwa hatumo, mambo ya hatari yanafanyika chini yetu na mlangoni petu bila mtu yeyote kulazimika kutuuliza.

Nianze na mlango. Jengo letu lina ngazi moja tu inayotoka juu hadi barabarani, na chini ya ngazi hiyo kuna geti la chuma la kukunja. Kila siku saa nne usiku mlinzi wa maduka hulivuta na kulifunga kwa kufuli mbili, kisha huondoka na funguo mfukoni, kwa sababu wenye maduka ndio wanaomlipa na mali anayoilinda ni yao. Akisikia baridi huhamia upande wa pili wa barabara wanakoota moto walinzi wenzake. Juu tumebaki kaya kumi na moja. Nimewahesabu wenzangu chumba kwa chumba kabla ya kuandika barua hii, nikapata watu arobaini na watatu, kumi na wanane kati yao wakiwa watoto, na mdogo kuliko wote ana siku tisa.

Julai mwaka jana, usiku mmoja ambao sikuwa na zamu, niliamshwa saa saba na harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofungua mlango, moshi ulikuwa umeshajaa ukumbini kwa kimo cha magoti na unapanda. Ulitoka kwenye duka la chini yetu, ambako waya wa kuunganishia umeme ulikuwa umeachwa umechomekwa ukashika moto pamoja na maboksi yaliyoegemezwa juu yake. Tulishuka wote hadi kwenye geti, wanawake wakiwa na watoto mgongoni, tukakuta kufuli. Tulipiga kelele, tukagonga chuma kwa sufuria, kijana mmoja akawa anapiga simu ya mlinzi ambayo ilikuwa imezimwa. Mimi nililoweka kanga ndani ya ndoo ya maji nikawa nawafunika watoto pua na mdomo, mmoja baada ya mwingine, na mpaka leo nakumbuka jinsi mtoto wa miaka mitano wa jirani yangu alivyoniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama geti lile ni la polisi. Mlinzi alifika baada ya dakika ambazo sikuzihesabu. Moto ule ulizimwa na wenye bodaboda kwa ndoo za mchanga, haukuvuka duka, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, habari ikaisha asubuhi ile ile. Usiku uliofuata geti lilifungwa saa nne kama kawaida.

Namba ya zimamoto ni 114, na tumeibandika kwenye kila mlango wa jengo letu. Lakini zimamoto wakifika watakutana na kufuli zile zile, na watakuwa upande wa nje wakati sisi tuko upande wa ndani.

Waliojenga nyumba hizi hawakukosea, na ni haki kulisema hilo. Mbeya ilikua kwa dhahabu ya Lupa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi waliofuata, ambao ndio waliouachia mtaa huu jina lake, walijenga kwa mtindo wanaoujua: duka chini, familia juu, ngazi moja, geti moja. Aliyefunga geti jioni ndiye aliyelala ndani, na ufunguo ulipanda naye. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo, ambayo nchi nzima ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 dhamana hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba nyingine zilirudishwa kwa wenyewe, nyingine hazikuguswa kabisa, nyingine zimeuzwa na kuuzwa tena, kama hii yetu, ambayo ni mali ya mtu binafsi asiyeishi Mbeya. Katika miaka yote hiyo ngazi ilibaki moja na geti likabaki moja, ila familia moja ikawa kaya kumi na moja, sebule ikagawanywa kwa mbao ikawa vyumba vitatu, na mwenye ufunguo akahamia nje. Hapo ndipo jengo lililokuwa salama kwa namna lilivyotumiwa lilipogeuka kuwa hatari, na hakuna siku hata moja ambayo mabadiliko hayo yaliandikwa mahali.

Mji huu umekwisha kuungua vya kutosha. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, la Uhindini mwaka 2010, na lile la SIDO pale Mwanjelwa mwaka 2017. Baada ya moto wa soko kuna pa kuanzia, kwa sababu vizimba vina namba, ushuru una daftari, na wafanyabiashara wana viongozi wao wanaoweza kusimama na kusema fulani alikuwa hapa na fulani pale. Jengo la kupanga likiungua usiku, ni nani mwenye daftari la waliokuwa juu? Mlinzi hajui idadi yetu. Mwenye nyumba anajua idadi ya vyumba vinavyolipa. Mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye ni mtu mwema na anajitahidi, anatufahamu wale tuliowahi kwenda kwake kuomba barua ya utambulisho, na wengine hawajawahi kuihitaji. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wakazi 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya mwaka 2022 ikakuta 541,603. Watu hao walioongezeka wamelala mahali fulani, na wengi wamelala kwenye vyumba vya kupanga. Hesabu ya sensa ni ya siku moja katika miaka kumi, nayo haiwezi kumwambia askari wa zimamoto avunje mlango upi kwanza.

Chini yetu kuna jambo la pili. Mwaka juzi fremu mbili za duka ziliunganishwa zikawa moja. Kwa siku tatu mafundi walipiga nyundo tangu asubuhi, vikombe vikicheza kabatini, na vumbi la chokaa ya zamani likapenya kwenye vitanda. Niliteremka siku ya pili kumuuliza fundi kama kuna kibali cha Halmashauri na kama ukuta ule haubebi sakafu yetu. Alinijibu kwa upole kwamba huo ni ukarabati mdogo, na kwamba wenye duka wameshakubaliana na mwenye nyumba. Mwezi uliofuata ulitokea ufa ukumbini kwetu, kuanzia kona ya mlango wa bafu kuelekea dirishani. Mwanzoni ulikuwa kama uzi. Sasa ncha ya ufunguo wangu inaingia. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakapoteza maisha, na siku zile jioni tulikaa wote kwenye chumba cha mama mmoja mwenye televisheni, tukitazama uokoaji bila kusemezana, kila mmoja akijua tunafikiria ukuta gani. Mbeya imekaa ndani ya Bonde la Ufa, na matetemeko madogo tunayazoea kama watu wa pwani wanavyozoea mawimbi. Ukuta uliotobolewa chini ya watu arobaini na watatu katika mji wa namna hii hauwezi kuwa makubaliano ya watu wawili.

Baridi nitaigusa kwa ufupi, ingawa kama muuguzi ndiyo inayonitisha kuliko yote. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mnajua wenyewe Juni na Julai zilivyo hapa. Nyaya za jengo letu ni za zamani, kwa hiyo hita hazifai, na mtu mwenye mtoto mchanga huingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, akalala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa. Ninawaelimisha jirani zangu kila msimu, na wananisikiliza. Lakini vyumba vya katikati ya jengo, vile vilivyotokana na kugawa sebule kwa mbao, havina dirisha kabisa. Mtu anayekaa humo nimwambie afungue nini?

Mtauliza kwa nini tusihame, au kwa nini tusimkatalie mwenye nyumba. Naomba mnisikilize hapa kwa makini zaidi, maana hapa ndipo penye mzizi.

Nilipoingia, dalali alinionyesha chumba na sebule, nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikamlipa na yeye kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi. Mkataba niliuandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, kwa sababu mwenye nyumba alisema hana haja nao, nikausaini mimi na dalali, na dalali yule ameshahama mji. Tangu hapo nimelipa kwa simu, kwa namba tatu tofauti, kila namba ikiwa na jina la mtu nisiyemfahamu. Mwaka huu, siku nne kabla ya muda wangu kwisha, nilipigiwa simu kwamba kodi imepanda kutoka shilingi 130,000 hadi 180,000 kwa mwezi, na kwamba italipwa kwa miezi sita kama kawaida. Hiyo ni shilingi 1,080,000 ndani ya siku nne. Nilikopa kwenye kikoba chetu, nikalipa, na mpaka leo narejesha. Sikuuliza kuhusu geti, sikuuliza kuhusu ufa. Mtu anayeweza kuambiwa ahame kwa simu ya dakika mbili hana ujasiri wa kuuliza habari za kufuli, na naamini kabisa kwamba hofu hiyo ndiyo inayofunga geti letu kila usiku kuliko kufuli zenyewe.

Katika jengo letu alikuwepo mama mmoja mjane, mama lishe, aliyekaa chumba kimoja kwa miaka ishirini na mmoja. Watoto wake wanne wamesomea pale. Jioni moja mwaka jana alirudi na masufuria yake akakuta kufuli mpya imewekwa juu ya kufuli yake, na sauti ya simu ikamwambia chumba kina mtu mwingine. Alilala kwangu siku kumi na mbili. Tulikwenda pamoja kwa mtendaji wa mtaa, ambaye alitupokea vizuri na kutuandikia barua. Tulifika kwenye kata, tukaelezwa kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu na haliamui, na upande wa pili haukutokea kusuluhishwa. Kilichobaki kilikuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, na hapo anayefungua shauri huulizwa vielelezo. Mama yule alifungua pochi yake akatoa alichokuwa nacho: risiti mbili zilizofifia za miaka ya nyuma, zilizoandikwa "pango" bila namba ya chumba, na picha ya mwanawe wa kwanza akiwa amesimama mlangoni. Aliziangalia, akazirudisha ndani, akasema mwanangu, mimi naenda kwa dada yangu Uyole. Sasa anaamka saa tisa na nusu usiku ili awahi kupika mjini.

Zamani ilikuwepo sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango na kumlinda mpangaji asiondolewe ovyo. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinachosimama kati ya mwenye nyumba na mpangaji ni mkataba wao, pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Sina ugomvi na uamuzi huo. Nasikia ile sheria ya zamani nayo ilikuwa na matatizo yake, na wapo wenye nyumba walioumia. Ila ukishasema mkataba ndio kinga, basi asiye na mkataba umemwacha bila kinga yoyote. Na katika kaya zetu kumi na moja, wenye mkataba wa maandishi uliosainiwa na mwenye nyumba ni wawili.

Hata umeme unatuambia hivyo hivyo. Sehemu yote ya juu ya jengo ina mita moja ya LUKU, nayo bado ina jina la mmiliki wa zamani ambaye ameshafariki. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, kaya yenye matumizi madogo, yasiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kawaida hulipa shilingi 292. Punguzo hilo liliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Hakuna kaya juu kwetu inayofika uniti 75, kwa kuwa tunachowasha ni taa, simu, redio na pasi ya Jumapili. Lakini mita yetu inaona mteja mmoja tu, mwenye matumizi makubwa, na inatuuzia wote kwa bei ya juu. Tena tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Wakati ule ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na jengo la ghorofa la mjini likatozwa 5,000 kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 viwango vikapandishwa. Kodi hiyo ni ya mmiliki, na serikali ilieleza hivyo tangu mwanzo, kwamba mpangaji amalizane na mwenye nyumba wake. Ila anayekatwa ni yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi, na kumalizana na mtu ambaye hamna maandishi baina yenu ni kumuomba akitaka. Kwa hiyo kila tarehe mosi ukumbi wetu huwa giza. Kila kaya inasubiri nyingine itangulie kununua, watoto wanafanyia mazoezi ya shule mwanga wa simu, na watu waliopendana mwezi mzima wanapitana ngazini bila salamu. Nimeona majirani wawili wakivunja urafiki wa miaka sita kwa ajili ya makato ambayo hakuna hata mmoja wao anayepaswa kuyalipa.

Sasa nasema ninachoomba.

Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, ya mwaka 1982 inawapa ninyi uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa ajili ya usalama na ustawi wa wakazi. Naomba Baraza la Madiwani litunge sheria ndogo ya nyumba za kupangisha katika kata za katikati ya mji, na msingi wake uwe daftari moja linalotunzwa na kila serikali ya mtaa: jengo hili lina vyumba vingapi, lina milango mingapi ya kutokea, nani analimiliki au kulisimamia, na kaya gani zinakaa humo. Mtu anapohamia, mkataba wa ukurasa mmoja uandikwe nakala tatu, moja ibaki kwa mtendaji wa mtaa. Muuandae ninyi mkataba huo kwa Kiswahili chepesi, uchapwe, na upatikane ofisi ya mtaa bila malipo, ukiwa na nafasi ya kuandika kodi, muda wa taarifa kabla ya kodi kupanda au mtu kuhamishwa, na nani analipa nini. Miezi mitatu ya taarifa ingetosha kabisa. Kodi ya kulipwa mbele nayo naomba isizidi miezi mitatu, ingawa najua jambo hili huenda likahitaji Bunge na Wizara ya Ardhi, na kama ni hivyo, basi madiwani na mbunge wetu walibebe kwa sauti zao kule linakoamuliwa. Daftari na mkataba havihitaji kusubiri hilo.

Geti lisisubiri hata daftari. Jengo lolote lenye watu wanaolala juu ya maduka, ufunguo wa geti ubaki ndani ya jengo usiku kucha, kwa mkazi aliyechaguliwa na wenzake, na mwenye jengo awekewe muda wa kujenga ngazi ya pili ya nyuma hata kama ni ya chuma. Wenye maduka wana haki ya kulinda mali zao, na sisi hatutaki waibiwe. Kufuli inaweza kuwekwa kwenye mlango wa duka badala ya mlango wa watu. Maafisa wenu wa majengo wakipita pamoja na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, naamini mitaa ya Uhindini yote inakaguliwa ndani ya wiki mbili. Wakati wa ukaguzi huo waangalie pia kuta zilizobomolewa chini, na kuanzia sasa kibali cha kubadilisha ukuta wa duka kisitolewe mpaka waliolala juu yake waitwe na kuonyeshwa mchoro. Vyumba visivyo na dirisha visiruhusiwe kupangishwa kulala. Mita za umeme zitenganishwe kaya kwa kaya. Gharama ya kuunganisha ni ya mmiliki, na tuko tayari kukatana kidogo kidogo kwenye kodi kama atakubali kuandika.

Wenye nyumba wataliogopa daftari, na sitaki kuwaita wabaya. Wengine ni wastaafu ambao vyumba vinne ndivyo pensheni yao. Wanajua kwamba pango linatozwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na wataona daftari la mtaa kama mtego wa mkusanya mapato. Ndiyo maana nawasihi msianze na ada. Mkianza kwa kutoza usajili wa mkataba, kila mtu atarudi kwenye karatasi ya daftari na mkono wa dalali, na watoto wa juu watabaki bila hesabu. Anzeni na usalama wa watu, watu waone daftari limefungua geti, na mengine yatazungumzika.

Nimezungumza na kaya zote kumi na moja kabla ya kutuma barua hii. Tisa zimeweka saini kwenye nakala nitakayoileta kwenu kwa mkono. Mbili zimeniomba zisionekane, na sababu yao mnaijua tayari kutokana na niliyoyaeleza. Nimechora pia ramani ya sakafu yetu kwa kalamu, nikaonyesha kila mlango, ufa ulipo, na vyumba vitatu visivyo na dirisha.

Naomba mje mwone wenyewe. Msije mchana, maana mchana geti liko wazi na jengo linapendeza, maduka yana taa na watu ni wengi. Njooni siku yoyote ya wiki saa tatu na nusu usiku, na mtakuta baadhi yetu tumekaa kwenye ngazi ya chini tukiwasubiri, kabla kufuli haijafungwa.

Wenu,

Muuguzi na mpangaji wa ghorofa ya pili,
Uhindini, Mbeya